Utatu Usio wa Elektroni: Istilahi na Ushahidi katika Kemia ya Diradikali

Tatizo la istilahi za sayansi katika Kiswahili mara nyingi huelezwa kuwa ni uhaba wa maneno. Mfano wa diradikali za kaboni unadhihirisha kwamba neno lililokwisha kuzoeleka laweza kuleta matatizo zaidi ya neno lisilokuwapo.

Diradikali ni molekuli yenye elektroni mbili zisizo na wenzi. Spini zake zikipingana, jumla ni 0, na hali hiyo ina ngazi moja tu. Zikielekea upande mmoja, jumla ni 1, na ngazi huwa tatu. Mfasiri akiiita hali hii ya pili “utatu”, msomaji huenda akadhani pana elektroni tatu, au fikra zake zikaelekea kwenye teolojia. Kinachohesabiwa ni ngazi. Kwa hiyo “hali ya ngazi moja” na “hali ya ngazi tatu” ni istilahi ndefu, lakini hazipotoshi.

Hali hizo hutofautishwa kwa resonansi ya sumaku ya elektroni, iliyogunduliwa na Yevgeny Zavoisky huko Kazan mwaka 1944. Hali ya ngazi moja haitoi ishara. Hali ya ngazi tatu hutoa mistari kadhaa, na huweza kuambatana na mstari dhaifu katika takriban nusu ya uga sumaku wa kawaida. Mwaka 1966 Paul Dowd aliitambua trimethilenimethani, yenye kaboni 4 na hidrojeni 6, kwa resonansi hiyo.

Hata hivyo, kuonekana kwa ishara si mwisho wa hoja, kwani yaweza kutoka kwa molekuli zilizopandishwa na joto. Hivyo sampuli hupozwa. Ishara ikififia, hali ya ngazi moja ndiyo ya chini. Ikiongezeka kwa uwiano kinyume na halijoto, ama hali ya ngazi tatu ndiyo ya chini, ama tofauti ya nishati baina ya hali hizo ni ndogo mno.

Katika kauli hiyo, “ama” ndiyo inayobeba ushahidi. Mwanafunzi anayekariri kwa lugha asiyoimudu huiacha, akabaki na jibu pasipo hoja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, iliweka msingi wa msamiati. Kazi iliyosalia ni kuandika hoja kamili za kisayansi kwa Kiswahili, pamoja na mipaka yake.