Chuo kilicho chini ya chuo

Mgeni anayefika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, huona nyasi, ngazi pana za mawe na jengo lenye kuba. Asichokiona kiko chini ya miguu yake: mahandaki yanayopitisha mabomba ya mvuke wa kupasha joto majengo.

Mahandaki hayo yana historia. Mwaka 1968 wanafunzi waliteka majengo matano wakipinga vita vya Vietnam na mpango wa chuo kujenga ukumbi wa michezo katika bustani ya umma ya Morningside, jirani na Harlem. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili, polisi walipokwenda kuwatoa, baadhi ya polisi hao walipenya kupitia njia hizo za chini.

Mjini Ottawa, Kanada, Chuo Kikuu cha Carleton kimechagua uwazi. Mahandaki yake, yenye urefu wa takriban kilomita 5, hupitiwa na kila mtu. Theluji ikitanda, mwanafunzi hutoka bwenini hadi darasani bila koti.

Hapo ndipo penye somo. Kinachofichwa huzaa uvumi, na uvumi huwavuta vijana gizani kwenye mabomba yanayounguza. Kinachoonyeshwa hubaki kuwa njia tu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chuo kinachomtembeza mwanafunzi mpya maktabani kimpeleke pia chini, akiongozwa na fundi, akajue joto la maktaba hiyo linatoka wapi.