Mkate wa Tini Juu ya Jipu

Neno la juma. Someni: 2 Wafalme 20:1-7 na Yohana 11:38-44

Tunawasalimu ninyi wa Baraka mjini, wa Fizi, Mboko, Lulimba na Misisi, na ninyi wa Ubwari mnaosikiliza redio mkiwa mnatengeneza nyavu.

Leo tunasema juu ya jambo ambalo kanisani linasemwa kwa kunong'ona tu: mtu ameokoka kweli, lakini sigara haijamwachia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna ndugu mmoja mvuvi wa ndagala. Alibatizwa katika ziwa letu hili, na sisi ndio tuliomshika mkono. Lakini usiku mtumbwini, penye baridi na usingizi, alirudi kuvuta. Tulimwombea mara tatu. Kila mara alikaa siku tatu au nne, kisha akaanguka. Wazee wa kanisa tukakutana, tukamweka chini ya nidhamu na kumzuia Meza ya Bwana. Akaacha kuja ibadani. Tulisema moyoni, "Basi, hakuokoka huyu."

Siku moja alitujia nyumbani usiku, ameshika boksi dogo. Dada yake, aliyepitia kambi ya Nyarugusu na sasa anaishi Marekani, alimtumia plasta za nikotini kwa mkono wa msafiri. Akatuuliza: "Baba Pasta, nikibandika hizi, nitakuwa nimemkana Mungu? Nitakuwa nimeamini plasta kuliko damu ya Yesu?"

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Mzee mmoja alisema nikotini ni tumbaku ileile, kwa hiyo ndugu huyu ataingia kanisani na sigara mwilini. Tukaomba siku mbili, kisha tukaenda kumwuliza mganga wa kituo cha afya.

Alitueleza hivi. Ndani ya sigara mna vitu vingi. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, mpaka mwili unaidai kama mtoto anayelilia ziwa la mama. Lakini kinachooza mapafu na kuharibu moyo zaidi ni moshi, pamoja na lami na hewa ya sumu iliyomo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na wengine kati yao hawakuvuta kamwe, walivuta tu moshi wa waume zao au baba zao. Plasta haina moshi. Inapitisha nikotini kidogo kidogo kwenye ngozi ili mwili usipige kelele, na mtu apate nafasi ya kuacha ile desturi ya mkono na mdomo. Tangu mwaka 2009 shirika hilo limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima.

Kisha tukarudi kwenye Biblia, na hapo Mfalme Hezekia akatuhukumu. Angalieni mfuatano wa habari. Hezekia anaugua kufa. Anageukia ukuta, anaomba na kulia. Kabla Isaya hajafika mbali, Mungu anamrudisha na ahadi: mfalme atapona, siku ya tatu atapanda nyumbani kwa Bwana, na ataongezewa miaka 15. Ahadi imekwisha kutoka kinywani mwa Mungu! Ndipo nabii yuleyule anaagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, naye akapona.

Je, Isaya alikosa imani? Hapana. Aliyetoa ahadi ndiye aliyeumba mtini. Dawa ile ilibandikwa kwenye ngozi ya mtu aliyekuwa amekwisha kuombewa na kujibiwa.

Mtazameni na Lazaro. Yesu peke yake ndiye aliyemtoa kaburini. Lakini alitoka amefungwa sanda mikono na miguu, na kazi ya kufungua Bwana aliwapa watu waliosimama pale. Ndugu yetu alikuwa hai, amefungwa bado. Sisi tulitazama sanda tukasema ni maiti.

Tusieleweke vibaya. Wako kati yetu walioacha sigara siku ileile waliyookoka, wasiitamani tena. Tunamtukuza Mungu kwa ajili yao! Lakini ushuhuda wa mmoja usiwe fimbo ya kumpigia mwenzake.

Kwa wale watakaopata plasta, shikeni haya. Muulizeni mganga kwanza, hasa mama mwenye mimba na mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Kuna nguvu tatu: miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na 21 kwa majuma 6, kisha 14 kwa majuma 2, kisha 7 kwa majuma 2. Bandika moja asubuhi, mahali pakavu pasipo nywele, kama begani, na kesho ubadilishe mahali. Iliyotumika ikunje, uiweke mbali na watoto. Plasta huongeza nafasi ya kushinda kwa karibu nusu, lakini haiondoi vita yote.

Wengi wetu hatutazipata. Msikate tamaa. Chagua siku ya kuacha. Mwambie mke wako na mzee mmoja wa kanisa. Siku za kwanza ndizo kali: hasira, kukosa usingizi, njaa. Baada ya majuma machache mwili unatulia. Tamaa ikija, kunywa maji, tembea, omba, ipite. Ukianguka, simama siku hiyohiyo, usingoje Jumapili.

Na wewe mpendwa unayeuza sigara moja moja dukani, kisha unaleta fungu la kumi, sema na Mungu wako juu ya hilo. Na wewe baba unayemtuma mtoto akununulie, unamfundisha njia.

Ndugu yetu ametupa ruhusa kusimulia haya bila jina. Plasta zake zilikwisha kabla ya majuma 10. Alianguka mara moja usiku mtumbwini, na asubuhi alikuja kutuambia kabla hajaenda kulala. Tuliomba naye pale mlangoni. Mwezi huu anatimiza miezi saba. Tulimwomba msamaha mbele ya kanisa, na yule mzee aliyepinga ndiye aliyempelekea kikombe cha Bwana.

Kama wewe nawe umejificha, njoo. Hatutakuuliza kwanza unanuka nini.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa damu ya Yesu iwekayo watu huru. Wafungue watoto wako, kwa muujiza au kwa mkate wa tini, ujuavyo wewe. Utusamehe sisi tuliowafungia mlango. Katika jina la Yesu. Amina.