Injini Nayo Hupumua

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: pistoni, ringi, turbo, kipumulio. Tutayaeleza moja moja.

Wilaya zetu ni za milima. Gari litokalo Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupanda mlima wa Magara likiwa limejaa watu na magunia. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko pwani, na injini ya dizeli isiyo na turbo hukosa nguvu. Ndiyo sababu baadhi ya wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambayo kiwandani haikuwekewa turbo, huwataka mafundi waiongeze. Turbo ni feni izungushwayo na moshi wa egzosti. Hiyo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na nguvu huongezeka. Lakini injini hiyo sasa yahitaji kupumua zaidi, na jambo hili husahauliwa.

Tazama ndani ya silinda. Pistoni hupanda na kushuka. Imevishwa ringi za chuma ili moto wa juu usipenye chini. Lakini hakuna ringi izibayo kabisa. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya na kuingia chini, mahali penye oili na krenki. Turbo ikiongeza msukumo, gesi hiyo huongezeka. Ringi zikichakaa, huzidi mno.

Fikirini pombe ya asali inayochachuka kibuyuni. Ukikaza kizibo, kizibo huruka au kibuyu hupasuka. Injini nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo imewekewa tundu na mpira wa kutolea gesi. Hicho ndicho kipumulio, au briza, kama mafundi wengi wasemavyo.

Kipumulio kikiziba, au kikiwa chembamba mno, mambo matatu hutokea.

Kwanza, oili huvuja kwenye sili na gasketi.

Pili, oili ya turbo hukosa njia. Oili hupelekwa kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, lakini hurudi chini kwa uzito wake tu. Ikikuta gesi imejaa huko chini, hairudi. Hupenya, huungua, na moshi wa buluu hutoka. Mwenye gari huambiwa turbo imekufa. Hununua nyingine, nayo huvuja. Fedha ya mavuno imekwisha, kumbe ugonjwa haukuwa kwenye turbo.

Tatu, oili nyingi ikivutwa pamoja na hewa, injini ya dizeli huweza kuiunguza kama mafuta yake. Huzunguka kwa kasi kubwa, na ukizima ufunguo haizimiki. Hapo dereva akanyage breki, aweke gia kubwa, kisha aachie klachi ili injini ife. Asiinamie injini. Hebu fikirini jambo hilo likitokea Magara!

Basi tufanye nini? Usizibe kipumulio kamwe, hata kama kinatoa moshi. Tumia mpira mpana, wa aina isiyoharibiwa na oili. Mpira wa maji hulainika. Usiuache ujikunje wala kubonyea. Usiishie kuuelekeza chini ya gari, maana oili itadondoka barabarani. Weka kopo la kukusanyia oili, lenye wavu ndani, mbali na egzosti. Asubuhi za baridi za Mbulu, mvuke hugeuka maji na kuchanganyika na oili, ukawa kama uji mweupe unaoziba mpira. Kwa hiyo mwaga kopo na safisha mpira mara kwa mara.

Kabla ya kuongeza turbo, pima ringi. Injini ikinguruma polepole, fungua mfuniko wa kujazia oili, uso wako ukiwa mbali. Ulaze mfuniko juu ya tundu bila kuukaza. Ukitetemeka kidogo, si neno. Ukirushwa, ringi zimechoka, zitengeneze kwanza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini turbo huongeza gesi chini ya pistoni?
2. Oili ya turbo hurudi chini kwa nguvu gani?
3. Fundi akikuambia ununue turbo mpya, utamwomba aangalie nini kwanza?