Sifa Pekee Hazitunzi Picha



Mwaka 1956, katika mji wa New York, palikuwa na ghala lililohifadhi kazi za maisha mazima ya mtu mmoja, na fedha za kulipia ghala hilo zilikuwa zimekwisha. Mwenye kazi hizo alikuwa William H. Johnson, mchoraji Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1901 katika mji wa Florence, jimbo la South Carolina. Alikuwa amesomea sanaa New York, akaishi Ufaransa, Denmark na Norway, kisha akarejea mwaka 1938 na kuanza kuwachora watu wake wa Harlem na wa mashamba ya Kusini kwa rangi kali na maumbo yasiyo na urembo wa ziada. Mara nyingi alichora juu ya magunia na mbao nyembamba. Mkewe alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 Johnson mwenyewe alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo hadi kufa kwake mwaka 1970. Msimamizi wa mali yake alipoona kwamba ghala halilipiki, kilichokuwa kikingojewa ni kuziteketeza picha hizo.

Hazikuteketezwa. Shirika la Harmon Foundation, ambalo tangu miaka ya 1920 lilikuwa likiwatunukia zawadi wasanii weusi, lilizichukua na kuzihifadhi; na mwaka 1967, shirika hilo lilipokuwa linafunga shughuli zake, zaidi ya kazi 1,000 za Johnson zilikabidhiwa kwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani mjini Washington. Yafaa ikumbukwe kwamba sifa Johnson alikuwa nazo tangu zamani. Alikwisha kufanya maonyesho Ulaya na Marekani, na alikwisha kupokea nishani ya dhahabu ya Harmon. Nishani haikulipa kodi ya ghala.

Kisa hicho kimetangulizwa hapa kwa sababu mazungumzo juu ya sanaa ya watu weusi aghalabu huishia kwenye sifa. Husemwa kwamba sanaa hii ina nguvu, kwamba inabeba historia ya watu waliodhulumiwa, kwamba ni fahari ya watu weusi popote walipo. Hayo yote ni kweli. Lakini picha ni kitu: kitambaa, mbao, karatasi, rangi. Unyevu huivimbisha, mwanga huipausha, wadudu huila. Jumba la makumbusho linaponunua picha huwa limejitwika mzigo wa kila mwaka: chumba chenye hewa isiyobadilikabadilika, fundi wa kuitengeneza inapopasuka, karani wa kuiandika katika daftari ili ijulikane imetoka wapi na iko rafu gani. Mzigo huo hauna sherehe, na wafadhili wanaopenda majina yao yabandikwe mlangoni hawaukimbilii. Basi anayesema anaiunga mkono sanaa ya watu weusi hana budi kueleza mzigo huo ataubebaje.

Mfano mzuri kuliko yote haukutoka katika jumba tajiri. Ulitoka shuleni. Hale Woodruff, mchoraji na mwalimu, alikwenda kufundisha katika vyuo vya watu weusi mjini Atlanta mwaka 1931. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa kisheria katika majimbo ya Kusini, ambapo msanii mweusi hakuwa na ukumbi wa kuonyeshea kazi zake, wala mwanafunzi mweusi hakukaribishwa kuzitazama kazi za wengine. Mwaka 1942 Woodruff alianzisha Chuo Kikuu cha Atlanta maonyesho ya kila mwaka ya wasanii weusi kutoka nchi nzima. Kazi ziliwasili, waamuzi wakazipima, na zilizoshinda zilipewa zawadi ya fedha.

Lakini zawadi hiyo ilikuwa na sharti moja la busara sana: ilikuwa ndiyo bei. Chuo hakikumpa mshindi cheti na kumwacha arudi nyumbani na picha yake chini ya kwapa. Kilimlipa, na picha ikabaki kuwa mali ya chuo. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, kwa kuwa chuo hakikuwa na kikubwa. Hata hivyo mpango huo uliendelea mwaka hadi mwaka, hata baada ya Woodruff kuhamia New York mwaka 1946, mpaka ulipofikia kikomo mwaka 1970. Kwa njia hiyo chuo cha watu waliokuwa wanabaguliwa kilijipatia kazi za akina Elizabeth Catlett, Charles White na Lois Mailou Jones wakati majumba mengi makubwa ya nchi hiyo hayakuwa yakiwatazama. Mkusanyo huo ungali upo katika Clark Atlanta University, chuo kilichotokana na kuunganishwa kwa vyuo viwili mwaka 1988. Mwalimu yeyote anayelalamika kwamba bajeti ya shule yake haitoshi kitu anaweza kuutazama mpango wa Woodruff kwa makini: nguvu yake haikuwa katika wingi wa fedha za mwaka mmoja, bali katika kutokatika kwa miaka 28.

Wapo waliokataa kabisa wazo la kuwatenga wasanii weusi katika maonyesho yao wenyewe, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 1934 Romare Bearden, wakati huo kijana, aliandika kuishambulia Harmon Foundation. Kwa maoni yake, shirika hilo lilikuwa likiwapokea wasanii weusi kwa huruma na kushusha kipimo, kana kwamba kazi ya mtu mweusi haistahili kupimwa kwa ukali. Huo ulikuwa uchungu wa haki, ingawa shirika hilo hilo ndilo lililokuja kuokoa picha za Johnson. Na ni Bearden huyo huyo ambaye mwaka 1969, pamoja na Norman Lewis na Ernest Crichlow, alianzisha Cinque Gallery mjini New York kwa ajili ya wasanii vijana waliokosa pa kuonyesha kazi zao. Bila shaka hakuwa amebadili kipimo. Ugomvi wake ulikuwa juu ya nani anashika kipimo hicho.

Mwaka huo wa 1969 ugomvi huo ulitoka barabarani. Metropolitan Museum, jumba kubwa kuliko yote ya New York, lilifungua maonyesho kuhusu Harlem, yaliyojaa picha za kamera, maandishi na sauti, bila mchoro wala sanamu ya msanii wa Harlem. Wasanii walisimama nje ya jumba hilo na mabango. Lakini wenyeji wa Harlem hawakuwa wameishia kwenye mabango. Septemba 1968 Studio Museum ilikuwa imekwisha kufunguliwa Harlem, katika chumba cha kupanga, pakiwa na nafasi ya wasanii kufanyia kazi. Mkusanyo ulikuja kukua baadaye. Mwaka 1979 benki moja ililipa jumba hilo jengo katika mtaa wa 125, nalo likafunguliwa humo mwaka 1982. Jengo hilo lilibomolewa ili lijengwe jipya, lililofunguliwa Novemba 2025. Sasa mkusanyo wake unafikia kazi 9,000 hivi. Kutoka chumba cha kupanga hadi jengo lililojengwa makusudi ni miaka 57.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba majumba mengine yamekwisha kujirekebisha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulipitia majumba 31 ya Marekani na kukuta kwamba, kati ya mwaka 2008 na 2020, kazi za Wamarekani Weusi zilikuwa asilimia 2.2 tu ya zote zilizoingizwa humo. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo bei za kazi hizo zilikuwa zikipanda. Aliyechelewa kununua wakati wa bei ndogo sasa husema hana uwezo.

Na bei ikipanda huja jaribu jingine, nalo huwahusu watumishi wa umma moja kwa moja. Mwaka 1997 mamlaka ya umma inayosimamia ukumbi wa mikutano wa McCormick Place, Chicago, ilinunua mchoro wa Kerry James Marshall uitwao *Past Times* kwa dola 25,000. Mwaka 2018 mamlaka hiyo iliuuza mnadani kwa dola milioni 21.1. Kwa mhasibu hiyo ni biashara isiyo na kifani. Kwa mwananchi aliyezoea kuupita mchoro huo bila kulipa kiingilio, mali yake imeondoka.

Miezi michache baadaye uongozi wa mji huo ulitaka kufanya vivyo hivyo kwa mchoro mwingine wa Marshall, *Knowledge and Wonder*, wa mwaka 1995. Huo aliuchora kwa ajili ya maktaba ya Legler, katika mtaa wa watu weusi upande wa magharibi wa mji. Unaonyesha watoto weusi wakiwa wamesimama mbele ya vitabu vikubwa kuliko wao. Marshall alilipwa dola 10,000. Meya alieleza kwamba fedha za mnada zingeipanua maktaba yenyewe, na hakika maktaba ilihitaji kupanuliwa. Lakini kulikuza jengo kwa kuuza kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa jengo hilo ni hesabu ya kushangaza. Haja ya maktaba ni jukumu la kodi na bajeti, si la mchoro. Marshall mwenyewe alilalamika hadharani, na wengine pamoja naye. Novemba 2018 mji uliuondoa mchoro huo mnadani.

Afrika Mashariki nayo imo katika daftari hizi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London, alichora mwaka 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Hilo ni jambo ambalo mzee yeyote wa Kichagga angelitambua bila kuelezwa. Mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata Uhuru, Museum of Modern Art ya New York iliununua mchoro huo, ikauandika na kuutunza. Mwalimu wa Machame anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake atatumia nakala iliyochapwa. Mchoro wenyewe uko New York, na haukuibwa.