Aproni ya Marudufu
Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika



Leo tumesikia sifa za marobota yaliyopakiwa. Naomba ruhusa kuuliza: marobota hayo yakisha kuondoka, huwa nini? Kilo 100 za pamba tunazopima mizani hutoa nyuzi kama kilo 35 hadi 40. Zilizosalia ni mbegu. Nyuzi nyingi za Tanzania huuzwa nje, kisha hutujia tena zikiwa nguo, kwa bei tusiyoipanga sisi.

Nguo ninayoileta mbele yenu haina fahari. Ni aproni ya marudufu, kitambaa kile kizito cha pamba kilichoshonwa matanga na mahema. Mfinyanzi huivaa asilowe, seremala hutia penseli na futi mfukoni mwake. Kuishona hakutaki kiwanda: yatosha cherehani imara, sindano nene na uzi madhubuti. Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, maana marudufu mapya hurudi yakilowa. Mikanda ipishane mgongoni, uzito ukae mabegani wala usivute shingo. Ya mfinyanzi atumiaye gurudumu ipasuliwe katikati toka chini, apate kukaa magoti yakiwa mbalimbali.

Lakini haifai tuuze kwa kuficha. Vumbi la udongo mkavu wa kufinyangia lina silika, nayo ikivutwa miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Pamba hushika vumbi hilo. Kwa sababu hiyo huko Uingereza wakuu wa usalama kazini hushauri wafinyanzi wavae nguo za nyuzi za viwandani, zishikazo vumbi kidogo.

Watakuwapo watakaosema, tunyamaze tusije tukaharibu soko letu. Mimi nasema hapana. Njia ya mwongo ni fupi, na pumzi ya fundi ni kazi yake. Kila aproni ya mfinyanzi iuzwe pamoja na neno hili: isikung'utwe ikiwa kavu, ilowekwe na kufuliwa kila baada ya kazi. Asiyeweza kuifua hivyo, tumshauri anunue ya namna nyingine. Na mhunzi tumwambie atafute ngozi, kwani pamba huwaka moto.

Basi pendekezo langu ni dogo. Halmashauri inunue majora machache ya marudufu, yaliyofumwa nchini yakipatikana. Wanachama wenye cherehani washone, mafundi wa wilaya wajaribu kwa msimu mmoja, kisha hesabu isomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Ikiwa ni faida, tuongeze majora. Ikiwa ni hasara, tuache mapema, nayo itakuwa hasara ndogo. Kwa vyovyote tutakuwa tumeifuata pamba yetu hatua moja zaidi ya mlango wa ghala.