Mwani Sugu katika Tangi la Samaki Lenye Mimea: Asili Yake na Njia ya Kuutiisha



Rai nitakayoitetea mbele yenu ni kwamba mwani sugu katika tangi la maji baridi haushindwi kwa kupigwa vita wenyewe, bali kwa kuitia afya mimea iliyo jirani yake, hata mimea hiyo ikakitwaa na kukimaliza chakula ambacho mwani ungalikula. Nasema hivi kwa kuwa aghlabu ya wafugaji wa samaki wa mapambo, waonapo kioo kimetanda ukijani na majani yameota ndevu nyeusi, huenda mbio dukani kutafuta dawa ilhali maradhi yenyewe hawajayatambua.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wadogo wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja cha kioo, akitumaini kwamba mmea utawapa samaki hewa ya kuvuta, na samaki wataulisha mmea kwa hewa ya ukaa na kinyesi chao. Mizani hiyo ilikwenda vema mpaka majani makuukuu yalipoanza kuoza, maji yakachafuka na utelezi wa kijani ukashika chombo kizima. Naye akatia konokono wa bwawani, wakayala yaliyooza na ule utelezi, mizani ikarejea. Tangu hapo imekuwa bayana kwamba mwani hufuata uozo, na kwamba mwenye tangi asiyeondoa majani yaliyokufa, wala kunyonya taka za chini kwa mpira, wala kubadili sehemu ya maji kila juma, huufuga mwani pasipo kukusudia.

Jambo la pili ni nuru. Sisi tukaao karibu na ikweta tuna mwanga wa jua kiasi cha saa 12 kila siku mwaka mzima, nao ukiingia dirishani na kulipiga tangi, hakuna hesabu ya taa itakayofaa kitu. Tangi na likae mbali na dirisha, na taa iwashwe saa 6 hadi 8 tu, kwa swichi yenye saa, ili siku zisitofautiane. Diana Walstad wa Marekani, aliyeandika mwaka 1999 kitabu mashuhuri juu ya ikolojia ya matangi yenye mimea, amependekeza taa zizimwe kwa muda mchana, ili hewa ya ukaa iliyotumika asubuhi ipate kujikusanya tena. Nami naiona hikima hiyo kuwa yafaa hasa kwa asiye na mtungi wa hewa hiyo.

Sasa nije kwenye adui mwenyewe, yule mwani wa ndevu nyeusi ashikaye kingo za majani ya Anubias, mawe na midomo ya machujio. Japo kwa macho ni mweusi au kijivu, yeye ni wa jamii ya mwani mwekundu, na ithibati yake ni rahisi: utie uzi wake katika spiriti, rangi ya kijani itayeyuka na wekundu utadhihiri. Hupenda majani yakuayo polepole, ambayo hudumu muda mrefu mahali pamoja, na juu ya yote hustawi pale hewa ya ukaa inapopanda na kushuka. Maji yaliyoachiwa hewa ya kawaida tu huwa na chini ya miligramu 1 ya hewa hiyo kwa lita, ilhali watumiao mtungi hulenga kiasi cha miligramu 30. Na wengi wetu tumesimama katikati, na chupa ya sukari na hamira, ambayo siku za mwanzo hutoa gesi kwa wingi, kisha hufifia mpaka ibadilishwe. Mimea huchelewa kujirekebisha kwa mageuzi hayo, na mwani hupata nafasi. Heri chupa mbili zinazobadilishwa kwa zamu, au kuacha gesi kabisa na kupunguza nuru, kuliko gesi kidogo isiyotulia.

Palikuwa na hoja nzito juu ya mbolea. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin walidai kwamba mwani hudhibitiwa kwa kuyanyima maji fosfeti; baadaye Tom Barr wa Marekani akaonyesha kwamba fosfeti inaweza kutiwa kwa makusudi, na mwani usizuke, maadamu mimea ni mingi na haikosi hewa ya ukaa, naitreti, potasiamu na chuma. Mimi nipo upande wa Barr, kwa kuwa mmea uliokoseshwa kirutubisho kimoja husimama kukua, na jani lililosimama ndilo makao ya mwani. Amonia ndiyo ya kuogopwa, nayo hutokana na samaki wengi kupita kiasi, chakula kilichobaki, na chujio lililonyamazishwa na ukosefu wa umeme.

Zikishaondolewa sababu hizo, ndipo dawa hupata maana. Majani yaliyoshikwa sana yakatwe. Yaliyobaki, pampu ikiwa imezimwa, yanyunyiziwe kwa bomba la sindano haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile iuzwayo maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, kidogo kidogo, kisha baada ya dakika chache pampu iwashwe na sehemu ya maji ibadilishwe. Mwani uliokufa hugeuka rangi ya waridi, na samaki huula. Dawa nyingine, glutaraldehaidi, siipendekezi: hospitalini hutumika kuulia vijidudu kwenye vyombo, hudhuru mapafu na ngozi ya mwanadamu, na huiyeyusha Vallisneria. Utando wa kijani-buluu unaonuka na kung'oka kama ngozi si mwani bali ni bakteria, nao huondolewa kwa mkono, kisha tangi hufunikwa gizani siku 3.

Na hapa sharti nionye juu ya konokono, kama wale aliowatia Warington. Si wote wanaofaa, na wale wa mabwawa na mifereji yetu wa jamii za Bulinus na Biomphalaria ndio wabebao vimelea vya kichocho, ambavyo huwatoka konokono hao, huingia majini na kupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Asiwaokote mtu huko; achukue waliozaliwa ndani ya matangi.

Vivyo hivyo vipande vya mimea vilivyokatwa visitupwe mtoni wala ziwani, kwa kuwa gugu-maji lililoingia Ziwa Viktoria katika karne iliyopita nalo lilikuwa mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini. Vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, kisha vizikwe shambani, ambako ni mbolea njema.