Tulinde Pua ya Mtoto Aliyezaliwa Mbele ya Wakati

Wapenzi wanafunzi, na ninyi wamama munaokaa nasi katika chumba cha watoto wadogo, leo tunazungumza juu ya pua. Pengine mutasema ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa kilo 1 anayesaidiwa kupumua, pua ndiyo mlango wa uzima wake.

Mapafu ya mtoto huyu hayajakomaa. Kila akitoa pumzi, vifuko vya hewa vinajikunja, na kuvifungua tena kunamchokesha. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco, Marekani, waliandika ginsi ya kumsaidia kwa hewa yenye nguvu kidogo isiyokatika. Ndiyo kazi ya CPAP. Ile ya chupa ni nyepesi kufahamu: hewa inaingia puani kwa mirija miwili mifupi, na mpira wa kutolea hewa unazamishwa majini, mara nyingi sentimeta 5. Maji yakibubujika, nguvu ya hewa ipo.

Hatari inaanzia hapa. Usiku maji yananyamaza. Mwuguzi anasukuma mirija ndani ya pua na kukaza kamba. Maji yanabubujika tena, naye anakwenda kwa mtoto mwingine na roho safi. Lakini ile ngozi kati ya matundu mawili ni nyembamba sana. Ikibanwa, damu haipiti. Inakuwa nyeupe, kiisha inavimba, kiisha nyeusi, na kinyama kinaweza kukatika. Mtoto anapona mapafu, anarudi nyumbani na pua iliyoharibika. Tena kidonda ni njia ya vijidudu kuingia damuni, na hivyo vinaweza kumuua.

Basi maji yakinyamaza, musikaze kwanza. Kinywa kiko wazi? Kofia imelegea? Mpira umejaa maji? Katika milima ya Masisi usiku ni baridi, na unyevu wa hewa unageuka maji ndani ya mpira. Mwageni, yasielekee kwa mtoto. Kule Walikale msituni tabu ni nyingine: plasta inabanduka kwa unyevu, na mirija inaanza kutembea.

Mirija inapashwa kujaza tundu bila kufanya ngozi iwe nyeupe, na kubaki nafasi ya milimeta 2 hivi mbele ya ukuta wa pua. Wengi wanachagua mirija midogo kwa kumhurumia mtoto. Ile si huruma! Mirija midogo inasugua, na hewa inatoroka. Mpira nao usining'inie; uzito wake wote unavuta pua.

Kama kuna plasta nene ya hidrokoloidi, ikateni na kuibandika mbele ya kuweka mirija, wala musingoje ngozi iharibike. Wakati wa kuiondoa, ilowesheni kwanza. Musipake mafuta: plasta haitashika, na mirija itateleza. Makamasi yakikauka, tieni tone moja la maji safi ya chumvi ya hospitali katika kila tundu, kiisha muvute kidogo tu, bila kuingiza mpira ndani sana.

Kila saa 3, wakati wa kumlisha, legezeni kidogo mutazame kwa taa nzuri. Katika ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi upesi, kwa hiyo tafuteni weupe, uvimbe, ao rangi isiyofanana na ya shavu. Mukiona alama, iteni daktari. Kama kuna maski ya kipimo chake, mutabadilishana nayo na mirija. Lakini musiondoe CPAP kwa kuogopa kidonda, maana mtoto anaihitaji ili aishi.

Ninyi wamama, munaweza kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi hata akiwa na mirija, mwuguzi akiwasaidia. Hapo munaona pua kuliko sisi wote. Mukiona imegeuka rangi, semeni, hata kama ni saa 8 ya usiku na mwuguzi amekasirika.

Nanyi wanafunzi, mukiachiana zamu, musiandike «mtoto mzuri» tu. Andikeni rangi ya pua, kipimo cha mirija, na saa muliyotazama.